Hati ya Mzee Mutiso

Kwako dada Mbithe,

Nakuamkia kutoka Kilungu, kwenye ukungu na baridi inayonikumbusha sweta niliyoiacha kwako. Nilikuja kununua hati ya msamaha wa rais aliyopewa Mzee Mutiso, niiongeze kwenye mkusanyiko wangu wa hati zenye sahihi ya rais. Nilimkuta anazikwa.

Mjane wake alinikabidhi hati. "Mwalimu, wasomee. Mimi nikisoma watasema namtetea mume wangu."

Niliwasomea waombolezaji, kisha nikawaambia kwamba sahihi ile ni ya rais mwenyewe. Ninazo nyingine kama hiyo nyumbani.

"Kumbe hakutoroka jela!" alisema mzee mmoja jirani. "Mbona hakutuonyesha?"

"Aliwaonyesha," mjane alimjibu. "Mkasema ni ya bandia, ameichapisha mjini Emali, mkacheka, na tangu siku hiyo hakuna aliyekunywa chai kwetu."

Mjane aliniuliza kama bado naitaka hati. Nilimrudishia, dada, ingawa mkono ulikuwa mzito. Akaiweka juu ya kifua cha mumewe, jeneza likafungwa.

Baada ya mazishi majirani walikunywa chai kwake. Waliinywa wakiwa wamesimama, kwa aibu ya kuketi.

Jifunike vizuri usiku, na Mungu akutunze mpaka nifike.

Ndugu yako,
Nzioka