Kitabu chenye Disketi

Bulyaga, Tukuyu
8 Machi 1997

Mdogo wangu Ambindwile,

Ugonile? Sisi huku wazima, ila mama kikohozi cha mvua hizi hakijamwacha. Wewe na masomo ya chuo hamjambo?

Kitabu cha milinganyo ya difrenshali nimekipokea. Nimekaa nacho wiki nzima na nimekasirika. Niliomba kitabu cha kujisomea peke yangu, nikishatoka kufundisha watoto tisini. Hiki kila zoezi linasema weka disketi, andika amri, tazama mchoro. Niiweke wapi? Kompyuta niliyoisikia hapa Tukuyu iko ofisi moja ya chai. Nilikwenda, karani akanijibu ni ya kuchapia barua tu. Mtihani wangu wa masomo kwa njia ya posta ni Novemba. Kibadilishe, nitafutie kinachoonyesha hatua kwa mkono.

Dada yako,
Ikupa


Dar es Salaam
2 Aprili 1997

Dada mpendwa,

Shikamoo. Mama mpe pole. Mimi mzima, joto tu.

Dada, siku hizi hesabu hizo zinafanywa kwa kompyuta. Hicho ndicho kilichokuwa kipya kuliko vyote dukani. Kivumilie, utakizoea.

Mdogo wako,
Ambindwile


Bulyaga
19 Aprili 1997

Ambindwile,

Salamu zimefika, mama ana nafuu.

Nitazoeaje mashine nisiyoiona? Ukurasa wa arobaini wametoka kwenye mlinganyo wakarukia jibu, eti katikati programu itamaliza yenyewe. Mimi nataka hapo katikati. Basi niambie ninyi mwaka wa pili mlitumia kipi. Nitumie hicho chako, hata kama kimechakaa.

Dada yako,
Ikupa


Dar es Salaam
30 Agosti 1997

Dada,

Shikamoo. Naamini mama amepona.

Nimekaa kimya kwa sababu sikujua niandike nini. Kitabu cha mwaka wa pili sina. Mwaka wa pili sikufika. Nilifeli hesabu, nikarudia, nikafeli tena, wakanitoa. Nauza kanda za muziki Kariakoo. Kile kitabu alikichagua muuzaji. Nilikifungua nikaona sielewi kitu, nikadhani basi ndicho kizuri.

Usimwambie mama.

Ambindwile


Bulyaga
14 Septemba 1997

Mdogo wangu,

Hatujambo. Mama simwambii, utamwambia mwenyewe.

Nina hasira na wewe, tena si kidogo. Miezi yote hiyo nilidhani mjinga ni mimi.

Mwalimu Hezron, yule mstaafu wa Lufingo, ameniazima kitabu chake cha zamani. Jalada halipo, lakini kila hatua imeandikwa. Sura ya kwanza imenichukua wiki tatu, na sasa naweza kumfundisha mtu.

Desemba njoo nyumbani. Mtihani nitakuwa nimeshaufanya, nimefaulu au nimefeli. Tutaanzia ukurasa wa kwanza.

Dada yako,
Ikupa