Usiipande Tena Pikipiki Niliyokununulia

Lavington, Nairobi

Amugune mdogo wangu, mtoto wa mama,

Nakusalimu wewe na Rasoa na wote wanaolala chini ya paa lenu. Goti lako linasemaje na baridi hii? Na pumu ya Rasoa, imempa nafasi ya kupumua? Mimi usiniulize sana. Sauti imekwenda kabisa. Uvimbe wa koo umeifunga, na chakula changu sasa ni uji unaopitishwa kwenye mpira mwembamba puani, kama mafuta ya taa yanavyomiminwa chupani. Daktari ameacha kuzungumza na mimi, anazungumza na Mideva, na binti yangu hutoka akaenda kulia garini akidhani sijui. Basi najua. Masikio na mkono wa kuume bado vinanitii.

Jumapili nilimwandikia Mideva kwenye kikaratasi akupigie simu, akuambie usiipande pikipiki mpaka barua hii ikufikie. Aliweka simu kwenye spika nikakusikia ukicheka. "Mwambie dada mashine ni nzima, inavuta tu kidogo kushoto kama punda mkaidi. Mwambie aache woga wa wazee." Kisha ukasema mnakwenda mazishini na Rasoa ameshakaa nyuma yako. Tangu hapo nimeshika kalamu.

Amugune, haivuti kushoto kwa sababu ya tairi. Fremu yake ilivunjika shingoni ikachomelewa, na mimi nilijua kabla sijaituma.

Wewe ulitaka ya zamani. Ulisema fundi wa sokoni anaijua, na kwamba mtu anayejifunza kuendesha akiwa na mvi ataanguka tu, na kuanguka na kitu kipya ni hasara mara mbili. Tulicheka. Ulitaka pia tumwombe yule kijana wa jirani yenu, anayeendesha boda boda Kawangware, aende kutuchagulia. Nikakataa. Nilisema sitashindwa na chuma chenye magurudumu mawili, mimi niliyefundisha hisabati watoto wa nusu ya wilaya. Mideva naye alinikataza. "Mama, na koo hilo, uende peke yako River Road? Wakikudanganya je?" Nikamjibu kwamba wa kunidanganya hajazaliwa. Aliniambia nikidanganywa mara hii, safari zangu za mjini zimekwisha, nitakaa ndani ya geti kama maua yake. Nilingoja aende kazini, nikaita teksi.

Ule ua wa pikipiki kuukuu uko nyuma ya maduka ya vyuma, na unaingia kwa kichochoro ambacho wanaume wamekifanya choo. Nilipita nimeziba pua kwa leso. Ndani ni oili iliyomwagika, moshi, na madalali wanaotema mate karibu na viatu vyako huku wakikuita mama. Walinizunguka wakaanza kuniita shosh, bibi kwa lugha yao ya mjini.

"Shosh, unataka ya kwenda kanisa ama ya kukimbiza mzee?"

"Wacheni shosh, huyo ni rider wa kitambo. Angalia hiyo mikono."

"Shosh, mzee yuko? Ama tumtafute na yeye pia?"

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Nilikuwa nimegeuka niondoke alipotokea mwanamume mmoja mnene, shati safi, akanisalimu kwa lugha yetu. Alikuwa ameijua lafudhi yangu. Akaniuliza kwetu ni wapi. Nikamwambia. Akauliza mimi ni binti wa nani, wa ukoo gani, mama alitoka wapi. Alipofika kwa bibi yetu akapiga makofi na kuwageukia wale wengine. "Shikeni adabu. Huyu ni dada ya baba yangu. Huyu ni shangazi." Akaniletea kiti, akakipangusa kwa kiganja chake, akatuma mtu soda.

Unajua tulivyo. Mtu akishakuita shangazi, utamwambia afungue tangi uone kama anakudanganya? Ni kama kunusa chakula alichokupakulia mkwe wako. Nilitazama taa, nikatazama karatasi, nikalinganisha nambari moja moja, kwa sababu nambari hazina ukoo. Vyuma nilivyotakiwa kuvikagua niliviacha.

"Hii ilikuwa ya pastor mmoja wa Kangemi, shangazi. Ni kanisa na nyumba tu. Alikuwa anaendesha pole pole mpaka watoto wanampita na miguu."

Nikaamini, nikalipa. Nilifurahi hata nikamwombea.

Kesho yake ililetwa hapa. Nilikaa kwenye kigoda kando ya ukuta, nikaiosha mwenyewe kwa maji ya sabuni na kitambaa, maana nilitaka ikufikie inang'aa. Nilipofika chini ya tangi, pale usukani unapoingia kwenye fremu, rangi nyeusi ikabaki kitambaani. Nikasugua tena. Chini yake kulikuwa na lipu laini, nyeupe, ya kupaka. Nikaitia ukucha ikamomonyoka kama jibini bovu. Chini ya lipu kulikuwa na mshono wa kuchomelea unaozunguka shingo karibu yote, mnene, umevimba, kama kovu lililoshonwa na mlevi. Na katikati ya mshono kulikuwa na ufa mdogo kama unywele.

Nilirudi River Road kwa yule mwanamume siku hiyo hiyo. Nikamwonyesha kitambaa. Hakuona haya hata kidogo.

"Shangazi, kila pikipiki ya zamani imeguswa mahali. Hata wewe daktari amekugusa, si bado unatembea?"

Nikamuuliza yule pastor yuko wapi.

"Pastor ni pastor. Hii iliingia chini ya lori huko Waiyaki Way. Mwenyewe hakuamka. Sasa ungependa nikuambie hivyo ukikunywa soda?"

Nikamwambia anirudishie pesa. Akasema atanirudishia nusu, na niilete mapema. "Ikifika hapa saa sita, jioni iko na mwenyewe mwingine. Mimi silali na mzigo. Lakini shangazi, hebu fikiria. Huko nyumbani nani atajua? Rangi ni ya kazi gani?"

Alitema mate, akaniacha nimesimama. Sikuwa shangazi yake tena, na wale madalali wote walikuwa wananitazama kama mzoga uliochelewa kuoza.

Ndugu yangu, ningeweza kuishia hapo nikamlaumu mtu yule, na ungenihurumia. Mtu yule ni uchafu. Lakini sikiliza nilichofanya baadaye. Nilipotoka kwenye kile kichochoro nilifikiria Mideva na geti lake. Nilifikiria wewe, ambaye ulikuwa umeshatangaza kanisani kwamba dada amepata pikipiki, na watu wakaimba. Nikaingia duka la rangi pale pale River Road, nikanunua mkebe mdogo wa rangi nyeusi na brashi. Mwenye duka akaniuliza napaka nini. Nikasema kitanda cha mjukuu.

Nilipaka mwenyewe, Amugune. Nilipaka mara ya kwanza ikakauka, ufa ukaonekana, nikapaka mara ya pili. Mideva aliporudi akaizunguka akaisifu. "Kumbe mama bado unajua mji." Nikapokea sifa hiyo. Ikawekwa juu ya basi ikaja kwako, na uliponipigia simu na kanisa lote likipiga vigelegele nyuma yako, nikasema kwa sauti iliyokuwa imebaki, "Mungu apewe sifa."

Yule mwuzaji hakukujua. Mimi nilikubeba mgongoni. Aliniuzia ajali ya mtu mwingine kwa tamaa, mimi nikakutumia kwa sababu sikutaka binti yangu aseme nimezeeka. Sijui hata jina la yule aliyekufa nayo. Nilijiambia aliyeichomelea alijua kazi yake. Nilijiambia barabara zenu ni za matope na huwezi kwenda kasi. Kisha ukasema inavuta kushoto. Ule mshono unaachana, na ukiachana kwenye mteremko wa mtoni gurudumu la mbele litakwenda peke yake, na wewe na Rasoa mtabaki angani.

Mideva ndiye anayekuletea barua hii. Sikuifunga bahasha. Mpe aisome mbele yako, maana yeye pia nilimdanganya, na sina sauti ya kumwambia.

Sasa fanya hivi. Usiipande hata kuitoa nyuma ya nyumba. Isukume. Usimpe mtu, usiiuze kwa fundi wa sokoni, hata akuapie kwamba ataifumua. Najua utakavyofikiri, nakujua tangu ukiwa na meno ya maziwa: utasema ni hasara, utasema kuna kijana wa kanisa ambaye ataitengeneza vizuri na kuitumia kidogo kidogo. Huyo kijana ana mama. Itoe injini, ukitaka iuze kama injini. Fremu ikate kwa msumeno wa chuma, pale pale kwenye shingo na tena katikati, ili asipatikane mtu mwingine wa kununua mkebe wa rangi.

Nisalimie Rasoa, mke wako, na umwambie kila kitu kabla hajaniombea dua nyingine. Nisalimie mzee Kisia, shemeji yetu, na mama mchungaji aliyeongoza zile nyimbo. Wasalimie wajukuu bila kuwaeleza.

Siombi unisamehe kwa barua. Utaamua mwenyewe ukiwa umesimama mbele ya ile fremu. Lakini siwezi kukuamini katika jambo la hasara, kama ambavyo wewe hupaswi kuniamini tena katika jambo la kununua. Siku ya kuikata, nipigie simu, uiweke chini karibu na chuma. Usizungumze nami. Kata tu, nami nitasikiliza mpaka vipande vianguke.

Ni mimi dada yako mkubwa, ambaye bado yuko,
Kageha