Jina la Asali Yetu Limechukuliwa

Mjukuu wangu Mwende,

Hapa Kanyangi tuko salama. Mvua imenyesha mara tatu na nyanya yako anapalilia pojo. Unauliza kwa nini tovuti ya asali yangu sasa inafungua mambo ya kamari. Ni kweli, nilipata jumbe nne za kulipia jina la tovuti tena, nikadhani ni wakora, sikulipa, na mtu mwingine akalichukua. Lakini limekuwa jina langu miaka kumi na moja! Wateja bado wananitafuta kwa hilo.

Nikiwa kijana nilirina mzinga wa jirani aliyekuwa Mombasa miaka minne. Baba akaniuliza, "Alama ya ukoo wao bado iko kwa mzinga?"

"Iko."

"Basi mwenyewe yuko. Peleka asali kwa mama yake."

Nikabeba debe zima. Yule mama akacheka: "Kumbe siku hizi nyuki wanatuma watu!"

Sasa sielewi kompyuta inaheshimu alama gani. Tafuta jina lingine, ulipie miaka kumi, vikumbusho vije kwako. Ila nieleze, mama: huyu aliyechukua letu, kwao hakuna mtu aliyemuuliza?

Babu yako,
Musyoka