Edda na Kompyuta ya Banda la Kahawa

Alhamisi, Julai. Ukungu tangu alfajiri, na manyunyu yasiyokata. Miguu imevimba tena. Hata hivyo nina furaha, nami si mtu wa kuandika neno hilo ovyo.

Nyuma ya nyumba yangu kuna banda la kukaushia kahawa. Ni la kikundi chetu. Tangu biashara ya kahawa ilipoachwa huru tunaosha na kukausha wenyewe, kisha tunauza tunakotaka. Tanuru linakula makaa ya mawe ya Ngaka, na feni inasukuma joto lake. Feni hiyo huwashwa na kuzimwa na kompyuta ndogo, kadi tupu isiyo na kioo wala vitufe, inayoenea kiganjani.

Juzi umeme ulikatika. Uliporudi, feni haikuzunguka. Kahawa ya kaya zote za kikundi imelala mbichi chini ya maturubai, na leo ilianza kunuka uchachu. Ikilala hivyo siku moja zaidi, hakuna mnunuzi atakayeitazama.

Basi akaitwa Edda, mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu aliyeolewa Chiwanda, kule ziwani. Ni fundi wa kompyuta Songea. Leo akafika na utani wake wa mjukuu kwa babu:

"Shikamoo, mume wangu. Kumbe bado hujafa?"

"Marahaba. Nife nikuache na vijana wa Songea?"

Akanifunga blanketi, akaniketisha karibu na tanuru nione kazi.

Kwa kuwa kadi haina kioo, mtu huzungumza nayo kwa nyaya chache kutoka kwenye laptop: mmoja wa kutuma, mmoja wa kupokea, na mwingine wa ardhi. Katibu wetu alikuwa ameziunganisha jana, akielekezwa kwa simu. Kioo cha laptop kilibaki cheusi.

Edda aliinama, akacheka.

"Baba katibu, hapa umefungisha ndoa gani?"

"Nimefuata herufi zilizoandikwa kwenye kadi na nyaya, mama. Kila moja na mwenzake, kama kanisani. Wanaume huku, wanawake kule."

"Ndiyo maana hawasikilizani! Wa kutuma umeupeleka kwa wa kutuma, wa kupokea kwa wa kupokea. Umekutanisha wazee wawili, kila mmoja anangoja shikamoo ya mwenzake."

Katibu alicheka mpaka akashika nguzo.

Edda akapishanisha nyaya. Kwenye kioo cha laptop zikamiminika alama za ovyo, kama mtu anayeweweseka. Nikadhani kadi imeungua. Yeye alisema tu kwamba inaongea kwa kasi ambayo laptop haijaizoea. Akabadilisha kasi, akangoja. Akabadilisha tena, akangoja.

Nimefundisha fizikia hadi kustaafu, lakini sijapata kuona mtu akikisikiliza chombo namna ile, kichwa kimeinama, hana haraka, hana hasira.

Mara maneno yakanyooka. Kadi haikuwa na ugonjwa wowote. Tangu umeme urudi ilikuwa ikiuliza kama iendelee na mipangilio yake ya zamani, ikingoja mtu aijibu kwa kubonyeza kitufe cha laptop.

Ilikuwa inauliza, na hakuna aliyeisikia.

Edda akabonyeza. Feni ikaguna, kisha ikazunguka. Wanawake wa kikundi waliokuwa wakingoja wakapiga vigelegele na kukimbilia maturubai, wakabeba kahawa kwa ndoo, wakaimwaga juu ya vitanda vya kukaushia, ndani ya ule upepo wa moto.

Sasa niungame, maana daktari hakunificha kwamba moyo wangu unashindwa. Kwa miezi mingi, kila nimalizapo rozari, nimekuwa nikimwomba Mungu anichukue upesi. Wanangu wakiuliza hali, najibu, "Namshukuru Mungu," na mazungumzo yanakufa hapo. Hata padri hajui.

Leo nilitaka kuiona kahawa ile ikikauka. Nilitaka pia kumwona Edda akila ugali wangu na kunitania. Rozari ikaisha, nami sikuomba kufa.

Edda anabaki hadi Jumamosi. Kesho akiniuliza ninaendeleaje, nitamwambia yote, hata hilo.

Aliyeweza kuisikiliza kadi, nami ataniweza.