Nev Halloran wa Soksi Mbichi: Hukuwa Mlevi

Baba yetu mpendwa, mwaka mzima umepita tangu ututoke asubuhi ile ya baridi ya Julai, kule Geelong, Mama akiwa amekushika mkono na redio ya chumba cha jirani ikitangaza hali ya barabara.

Watu wengi wa Australia walikujua kama yule wa Soksi Mbichi anayeanguka. Sisi tulikujua vingine. Uliamka kabla yetu sote, ukapaka mikate siagi mpaka pembeni kabisa, kwa sababu mwanao Damien hakuwa akila mkate wenye pembe kavu. Ulitengeneza mashine za kukatia nyasi za mtaa mzima pale Reservoir. Bi Carbone wa nyumba ya pili alipofiwa na mumewe, ulikwenda na kodiani yako ukampigia jikoni nyimbo za kwao Calabria. Ulikosea nusu ya maneno, naye alikuwa akilia huku akikusahihisha.

Pombe hukuigusa. Ulikuwa ukisema Babu Halloran alikunywa ya ukoo wote akaimaliza. Baada ya maonyesho wenzako waliagiza bia, wewe chai. Hili tunaliandika mapema kwa sababu ndilo lililotufanya tuandike.

Kundi la Soksi Mbichi mlilianza watatu kwenye baa za Fitzroy: wewe na kodiani, Spiro Manolas na gita, na Col Tregenza na mdomo wake. Col mlikua naye mtaa mmoja. Alikula kwenu zaidi kuliko kwao. Televisheni iliwachukua mwaka 1981, wimbo mmoja tu kwenye kipindi cha Jumapili, moja kwa moja hewani. Katikati ya wimbo ulijikwaa kwenye waya ukaanguka chali, kodiani ikatoa mlio kama ng'ombe aliyekanyagwa mkia. Ukaendelea kupiga ukiwa pale pale chini. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mwaka uliofuata mkapewa kipindi chenu wenyewe, Jumatano jioni, na kila kipindi kilimalizika kwa wewe kuanguka.

Kwanza ulianguka kutoka kwenye kiti. Halafu meza. Halafu ngazi.

"Panda vipago viwili zaidi, Nev," alikuwa akisema Bwana Ashdown, mkuu wa kipindi. "Watu wa nyumbani wameshazoea hapo."

"Basi watu wa nyumbani waje wapande wao," ulimjibu. Wote wakacheka, nawe ukapanda.

Chini kulikuwa na magodoro. Msimu wa tatu, jioni moja, magodoro yalisogezwa ili yasionekane kwenye kamera, na hakuna aliyekuambia. Kichwa chako kikapiga sakafu ya mbao. Mama alikuwa safu ya mbele. Anasema alikisikia kishindo kile juu ya muziki. Uliinuka, ukauinamia ukuta badala ya watazamaji. Wakadhani ni utani, wakasimama kukupigia makofi. Daktari hakuitwa. Wiki iliyofuata ulipanda tena ngazi.

Tangu hapo ukaanza kutupotea kidogo kidogo. Ulisahau beti ulizotunga mwenyewe. Viatu vyako tulivikuta kwenye friji. Ulimfokea Mama kwa sababu ya mlio wa kijiko kikombeni, wewe ambaye hukuwahi kutupandishia sauti. Kisha ikaja jioni ile ya 1986, hewani, ulimi wako mzito, ukaimba ubeti wa wimbo mwingine kabisa. Ulisimama kamera zikikutazama, ukamuuliza Spiro, "Tuko wapi hapa, ndugu yangu?" Watu walicheka. Walicheka mpaka ulipoketi chini na kukataa kuinuka.

Kesho yake magazeti yakaandika kwamba ulikuwa umelewa. Kituo kikasema umepumzishwa kwa matatizo yako binafsi. Mwandishi mmoja alimsubiri Col getini.

"Col, mwenzio alikunywa nini jana?"

"Usiulize alikunywa nini," Col akasema. "Uliza alibakisha nini!"

Wakairusha kwenye taarifa ya habari, na nchi nzima ikacheka. Kilikuwa kichekesho kizuri, Baba, na ubaya wake ulikuwa hapo hapo: kilikuwa rahisi kukirudia.

Mama alishachukua koti na funguo za gari. "Nakwenda huko sasa hivi. Nitawaambia ukweli mbele ya kamera zao."

"Acha, Glenys," ulisema. "Col ana watoto watatu. Mimi nitapata kazi nyingine."

Walimweka mtu mwingine, wakamvisha kofia yako. Kipindi kikasukumwa asubuhi, saa ambayo watu wako kazini, kikafa taratibu. Spiro alirudi Adelaide kwenye biashara ya baba yake, na kila Krismasi alikupigia simu mpaka alipofariki. Col alipata kipindi cha maswali na zawadi kule Sydney, akadumu nacho miaka mingi.

Wewe ulibeba makreti ya mboga soko la Footscray. Wanaume walikupigia kelele, "Oya, Nev! Leo umebakisha?" Ukawainulia kofia. Damien alipopigana shuleni kwa ajili yako, ulimwosha damu puani ukamwambia, "Waache wacheke, mwanangu. Si ndiyo kazi yangu?"

Kazi ya soko nayo ikakushinda, kisha nyumba ikakushinda, tukakupeleka kwenye makao ya wazee Geelong. Siku moja sebuleni walikuwa wakionyesha vipindi vya zamani. Ulimwona kijana mwenye kodiani akipanda ngazi.

"Mwambieni huyo asipande," ulisema. "Ataumia."

"Lakini ni wewe huyo, Nev!" muuguzi akakuambia.

"Mimi? Mimi siwezi kwenda huko juu."

Wazee wenzako walicheka. Wewe ulifunika macho kwa mikono yote miwili, ukabaki hivyo mpaka muziki ukanyamaza.

Ulipofariki, Mama aliwaruhusu madaktari wauchunguze ubongo wako. Daktari Perera alituita, akatueleza bila haraka kwamba uliumizwa na mapigo ya kichwa, tena na tena, miaka mingi nyuma.

"Na pombe?" Mama akauliza.

"Hakuna dalili yoyote ya pombe, Bi Halloran."

"Sema tena. Watoto wangu wasikie."

Akasema tena. Mama aliinamisha kichwa juu ya mkoba wake.

Tuliwapelekea habari watu wa kituo. Wakatupa pole, wakasema wahusika wa wakati ule hawapo tena. Wiki ile ile walirusha kipindi cha vichekesho vya zamani, nawe ulikuwemo, unaanguka.

Mwezi uliopita Col alikuja. Ni mzee sasa, anatembelea fimbo. Alisimama mlangoni na keki ya dukani, na Mama hakumwambia apite.

"Nilijua hanywi, Glenys. Mdomo ulinitangulia. Halafu kila mtu akacheka, nikaona aibu kusema nimedanganya."

"Aibu yako imedumu miaka thelathini na kitu, Col."

"Najua."

"Yeye alikutetea mpaka siku aliyosahau jina lako."

Col alilia pale pale kizingitini. Alipoweza kusema, aliomba jambo moja tu: jina lake liwemo kwenye tangazo hili la kumbukumbu yako. Damien akasema, "Labda mimi nife kwanza." Shangazi Beryl akasema aende makaburini akakuombe wewe mwenyewe. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Aliyekata shauri ni Mama, akiwa ametupa mgongo, anaosha vikombe.

"Mwandikeni," alisema. "Nev angemwandika. Lakini akae mwisho, na neno rafiki msiliweke."

Unakumbukwa na mkeo Glenys. Wanao Kerryn na Damien. Wajukuu wako Imogen na Tully. Dada yako Beryl. Majirani wote wa Reservoir. Na Col Tregenza.

Pumzika, Baba. Maadamu tunapumua, hatutakusahau.