Betri za Kuwashia, Betri za Nyumba

4 Februari

Kwako Mjomba,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, na pampu zako zinavuta maji bila kukusumbua. Huku hatujambo kiasi. Mama anakohoa, lakini mdomo wake haujaugua hata siku moja. Anauliza kama bado unakula chumvi kama ng'ombe.

Habari yenyewe ni hii. Daktari ametuambia mapafu ya mama hayatarudi kuwa kama zamani. Mama akamjibu kwamba kama ni hivyo, basi anakwenda kumwona mdogo wake, maana miaka minane imetosha. Nimejaribu kumtuliza, wapi. Unamjua dada yako.

Tatizo ni mashine ya oksijeni. Haiwezi kuzimwa zaidi ya dakika chache, na mabasi mawili ya abiria yametukatalia mlangoni. Wewe nawe huwezi kuiacha hiyo mitambo ya bwawa, na simu huko haishiki. Kwa hiyo nimenunua basi bovu la shule. Usicheke. Injini ni nzima, bodi ndiyo iliyochoka. Nimeng'oa viti, nimemtengenezea mama kitanda chenye ukingo asije akaanguka, kabati, na meza ya kukunja. Safari ya siku nne atakwenda amelala kama malkia.

Kilichobaki ni umeme. Mimi ni seremala, Mjomba. Mbao zinanisikia, nyaya hazinisikii. Mficha uchi hazai: sijui ninunue betri gani, ngapi, wala nizifunge vipi. Wewe umezeeka na betri, niandikie.

Mpwa wako

*

16 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba sana. Mimi sijambo, mgongo tu unanikumbusha umri. Mwambie dada chumvi nimepunguza, na kwamba yeye ndiye aliyenizoesha, alipokuwa akinipikia uji akikosea mkebe. Nimeisoma barua yako nimesimama, nikaketi, nikaisoma tena. Chumba cha pili nimeanza kukipaka chokaa.

Sasa sikiliza. Basi kama hilo ni la volti ishirini na nne, kwa hiyo utanunua seti mbili, kila seti betri mbili zilizounganishwa. Seti ya kwanza ni za kuwashia. Hizo ziwe mpya kabisa. Usinunue zilizotumika hata muuzaji akila kiapo, na ile namba ya ampea iwe kubwa. Seti ya pili ni za nyumba. Hizo ziwe zile nzito za mabamba manene. Ukiweza kuinua moja kwa mkono mmoja, ujue umeuziwa takataka.

Seti hizi zisigusane, hii isinyonye ile, usije ukakwama njiani. Maji ya betri yatazame kila wiki. Usivute sigara karibu yake.

Dereva wa lori la unga anapiga honi. Akiondoka leo harudi mpaka wiki mbili, kwa hiyo naishia hapa. Usipoelewa uliza tena, kuuliza si ujinga.

Mjomba wako

*

20 Machi

Kwako Mjomba,

Shikamoo. Hali zetu ni njema kuliko nilivyotarajia. Mama amenenepa mashavu kwa furaha, na ameshona mapazia ya madirisha yote kumi na mawili. Anasema uandae kiti cha kuegemea, hataki stuli zako.

Betri nimenunua zote nne, neno kwa neno kama ulivyoagiza. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Za kuwashia ni mpya, za ampea nyingi, nimezifunga chini ya kitanda cha mama, zinawasha mashine, taa na feni yake. Zile nzito za nyumba nimeziingiza kwenye nyumba yake, kile kisanduku cha chuma kando ya mlango wa dereva. Bahati nzuri aliyeniuzia basi alinionyesha, akasema, hii hapa ndiyo nyumba ya betri, vinginevyo ningekusumbua kwa barua nyingine. Zimeingia kwa shida, lakini injini inawaka.

Na sikukaa bure. Wiki tatu sasa, kila mchana namwashia mama mashine humo ndani mpaka betri zilale kabisa, halafu nazichaji kwa umeme wa ukutani, ili zizoee kazi. Siku za kwanza zilikwenda saa nne nzima. Siku hizi zinachoka mapema kidogo, nadhani ni joto. Njiani tutapumzika kwenye miji na kuchaji, na nina chupa ndogo ya oksijeni ya akiba.

Tunaondoka Jumanne tarehe 28. Tia chokaa haraka.

Mpwa wako

*

30 Machi

Mpwa wangu,

Sikusalimii, nisamehe, lori liko mlangoni. Barua yako imefika leo hii. Kama kwa kudra ya Mungu bado hamjaondoka, usitoe basi hapo.

Umezibadilisha. Ya kuwashia ni ya kuwasha injini. Si ya kuwasha taa, si ya kuwasha mashine ya mama. Hutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache ikapumzika. Ukiinyonya mpaka ilale, unaiua, na wewe umeinyonya wiki tatu. Ya nyumba ni ya pale mnapoishi, kitandani kwa mama, na hiyo ndiyo inayovumilia kutoa kidogo kidogo kwa saa nyingi. Gereji sisi tunasema hivyo tangu utoto wangu, sikufikiri kwamba kuna mtu anaweza kusikia kitu kingine. Wewe ulisikia Kiswahili cha kawaida. Kosa ni langu.

Kama mko njiani na mashine ikazima, msihangaike kutafuta mji. Acha injini ingurume. Fungua nyaya za inveta, kile kisanduku kinachogeuza umeme wa betri uendeshe mashine, chini ya kitanda, zivute mpaka kwenye kisanduku cha mlangoni, uzifunge kwenye zile nzito, nyekundu kwa nyekundu. Spana namba kumi na tatu inatosha. Ni kazi ya dakika kumi.

Natuma karakanani kwako, sina anwani nyingine. Nimemwomba dereva akiona basi jeupe lenye mapazia alisimamishe. Ameniambia yeye hupita barabara ya chini, lakini atatazama.

Mjomba wako

*

6 Aprili

Kwako Mjomba,

Shikamoo. Sijui nianzeje, kwa hiyo nasema tu. Mama hatunaye.

Tuliondoka vizuri. Siku ya kwanza aliimba. Usiku tulichaji kwenye kituo cha mafuta, na asubuhi ya Jumatano tukaondoka betri zikiwa zimejaa, nilihakikisha mwenyewe. Hata saa mbili hazikupita, mashine ikaanza kulia. Nikamfungulia chupa ya akiba, nikakanyaga mafuta. Mji wa mbele ulikuwa bado saa mbili, kituo tulichotoka karibu hivyo hivyo, na chupa isingetufikisha kokote. Chupa ilipokaribia kwisha mama akagonga ubao nyuma ya kiti changu. Akaniambia nisimame, hataki kufa akinitazama kisogo.

Nikasimama. Zile betri za injini zilikuwa hapo mlangoni zimejaa, nilizifikiria, lakini nilikumbuka ulivyosema seti mbili zisigusane. Niliogopa nikizigusa tutakwama kabisa.

Nimemzika katika mji huu wa mbele. Watu wasionijua walinisaidia kuchimba. Mambo aliyoniachia nikwambie ni mawili: kwamba hakukasirika miaka yote ile ulipokuwa huji, na kwamba ule uji hakukosea mkebe, alifanya makusudi kwa sababu ulikuwa mtundu.

Mjomba, nina swali moja, nalo linaninyima usingizi. Betri zilikuwa mpya. Nilifanya ulivyoagiza. Nilikosea wapi?

Nitakaa hapa karibu na kaburi mpaka mwezi uishe, kisha nirudi karakanani. Niandikie huko.

Mpwa wako

*

13 Aprili

Mwanangu,

Barua yako nimeipokea kutoka mkononi mwa dereva. Nimelia mpaka wenzangu wa chini ya bwawa wakapanda kuuliza kama kuna bomba limepasuka. Dada alinibeba mgongoni miaka mitatu. Mimi sikumbebea hata jeneza.

Umeniuliza ulikosea wapi. Hukukosea popote. Betri mpya nazo huwa na kasoro za kiwandani, unaweza kununua kumi, mojawapo ikawa imekufa ndani kwa ndani. Hakuna fundi angejua. Hata ningekuwa nimekaa pembeni yako, isingesaidia kitu. Nakwambia haya kama mtu aliyeshika betri miaka arobaini, na ukiendelea kujisumbua utakuwa unanidharau mimi.

Sasa nakuomba jambo. Karakanani utaikuta barua yangu nyingine, ya tarehe 30 Machi. Niliiandika nikiwa nimechanganyikiwa, mambo yaliyomo hayana kichwa wala miguu. Usiifungue. Itie motoni na maranda ya mbao. Nakuomba kwa heshima ya mama yako.

Chumba kipo. Njoo ukae, hata mwaka. Kuna milango mingi huku inayohitaji seremala.

Mjomba wako

*

9 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Mimi ni mzima. Natumai nawe ni mzima, ule na ulale.

Nilirudi karakanani jana. Mwenye duka la jirani alikuwa amenitunzia barua zako zote mbili, amezifunga pamoja kwa uzi. Nilizipanga kwa tarehe, nikaanza na ya kwanza. Ulipofika wakati wa kusoma ya pili, ile ya kuniambia nisisome, nilikuwa nimeshamaliza.

Sikulaumu kwa neno lile. Muuzaji wa basi alisema nyumba ya betri, wewe ukasema betri za nyumba, mimi nikaona vinalingana, nikafurahi kwamba kwa mara ya kwanza naelewa umeme. Uliniambia niulize nisipoelewa. Ubaya ni kwamba nilielewa. Hata kunidanganya sikulaumu, maana ningekuwa wewe ningedanganya vilevile, tena vibaya zaidi.

Lakini kuja siwezi, na usiniulize lini. Nikikuona nitaiona spana. Basi nimeliacha uani na mapazia yake, sijui nilifanyeje. Wateja wanadhani nimelitengeneza liuzwe, wananisifia kitanda.

Umeandika kwamba ni kazi ya dakika kumi. Jana nilikwenda nikajaribu, nikiwa peke yangu. Mimi seremala nimetumia kumi na mbili. Mashine ikawaka, ikavuma vizuri, nikaiacha ivume juu ya godoro tupu. Siku ile mama, baada ya chupa kwisha, alikaa hai karibu saa nzima. Muda wote huo nilikuwa nimemshika mkono.

Mtoto wa dada yako