Ngata Kumi na Moja Mwambani

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuamkia peke yako leo, maana siku ile kwenye geti la hifadhi nilikuamkia pamoja na wageni, kana kwamba na mimi ndiyo kwanza nakuona. Ukaitikia, "Marahaba, wanangu," ukanijumlisha humohumo. Walikuwa wametoka Dar, hawakujua lolote. Wewe ulijua, na ukanyamaza.

Mimi ni mtu wa maneno, unanijua. Wewe mwenyewe ulinipa jina la Kasuku kabla sijaota meno ya pili. Lakini hili nimeshindwa kulisema hata siku tunakuzika. Watu waliniona nimeinamisha kichwa wakadhani ni uchungu. Uchungu ulikuwepo mama, lakini zaidi ya uchungu nilikuwa naona aibu. Nimeona niandike, maana nikiongea nitaanza kujitetea.

Unazikumbuka siku za kuni? Wakati ule wanawake wa Sanje mlikuwa mnaruhusiwa siku moja kwa wiki kupanda mlimani kuokota kuni kavu. Panga hamna, mikono tu. Nilikuwa nakufuata nyuma nimeshika upindo wa khanga yako. Mkiteremka, mlikuwa mnatua mizigo pale penye ule mwamba uliojitokeza kama kibaraza, chini yake pakavu hata masika, na kijito kinapita pembeni. Mkipaita ofisini. Jamani, mlivyokuwa mkicheka pale! Mama Sikuzani alikuwa akiiga mume wake anavyotafuta kiatu alichokivaa, na wewe ulikuwa unacheka mpaka unakaa chini. Nyumbani sikuwahi kukusikia ukicheka hivyo, hata sikukuu. Kabla ya kuondoka ulikuwa ukinishika sikio taratibu, "Kasuku, ya hapa yaache hapahapa."

Kisha kuni zikakatazwa. Siku ya mwisho mlitua mizigo kama kawaida, lakini hakuna aliyeigiza chochote. Mama Sikuzani akachukua ngata yake, ule mviringo wa matambara aliokuwa akiuweka kichwani chini ya mzigo, akauchomeka kwenye ufa wa mwamba. Akasema, "Ikae hapa. Nyumbani itabeba nini?" Mkafanya hivyo wote, mmoja mmoja, ngata kumi na moja zikakaa kwa mstari. Mizigo mliiteremsha siku ile vichwa vitupu, na jioni ulilalamika shingo.

Nikakua, nikawa mwongoza wageni. Wageni wote wanataka maporomoko makubwa. Wanapiga picha, wanalowa, wanarudi. Mimi nikajijengea jina kwa kuwaonyesha vile ambavyo wengine wanavipita: vyura wadogo kama punje ya mahindi, mti ulioumeza mti mwenzake, mahali ambapo mbega wekundu hushuka kunywa maji. Na mwamba wenu. Mwanzoni nilikuwa nasema tu hapa tupumzike, pana kivuli.

Mpaka akaja yule bwana aliyekuwa ametembelea hifadhi moja ya jangwani huko ng'ambo. Njia nzima ni jangwa, jangwa. Kule hamna hata jani, anasema, lakini kila jiwe lina habari yake, kuna michoro ya watu wa kale, kuna visima vilivyofichwa. "Ninyi hapa mna maji tu." Mama, iliniuma. Nikamwona anazitazama ngata. Mdomo ukatangulia. Nikamwambia hizo ni pete za tambiko, wazee wa kale walizitumia kuomba mvua, na babu yangu alikuwa mtunzaji wa mahali hapa. Yule bwana akavua kofia.

Akavua kofia mbele ya matambara yenu, na mimi nikaona raha! Tangu hapo nikawa nausema uongo ule kila safari, na kila safari unanenepa. Nikaongeza wazee saba. Nikaongeza radi. Wageni wakawa wanafika getini wanauliza, yuko wapi yule kijana wa pete za tambiko?

Wewe wakati huo ulikuwa umehamia Ifakara, kwa dada kule Mlabani, na kila nikija ulikuwa na ombi moja tu. "Nipeleke mwambani nikawaone wenzangu. Nimebaki mwenyewe." Kweli, Mama Sikuzani alikuwa ametangulia, na wale wengine wote. Nikawa nakwambia wiki ijayo. Mvua zikiisha. Wageni wakipungua. Ukweli nilikuwa naogopa utafika pale na kusema hizi ni ngata. Na niseme yote: nilikuwa naona haya kwa zile ndala zako na ule mfuko wa rambo wenye mihogo ya kuchemsha.

Mwishowe ulikuja bila kuniuliza. Umevaa kitenge cha harusi ya dada, umesimama getini saa moja asubuhi, na mimi nina kundi la wageni. Nikakuvuta pembeni. "Utapanda nasi, lakini usiniite Kasuku. Usiseme wewe ni nani." Ukanitazama. "Sawa, baba. Kazi ni kazi."

Ulipanda pole pole, ukiwaacha wageni watangulie. Ulipofika mwambani mimi nilikuwa tayari kwenye wazee saba. Nikakuona umepita katikati ya watu moja kwa moja mpaka kwenye ufa, ukanyoosha mkono. Nikapaza sauti, "Mama, usiguse!"

Ukaurudisha mkono, ukaufuta kwenye kitenge kama umeshika moto. Msichana mmoja wa Dar akakuuliza kwa heshima kabisa, "Mama, wewe ni mwenyeji. Ni kweli haya ya tambiko?" Ukasema, "Mimi nilikuwa nakuja kuokota kuni tu, mwanangu. Anayejua ni huyo." Wakanipigia makofi, mama. Nami nikainama kuyapokea.

Tulipokuwa tunasubiri gari barabarani ulinimenyea muhogo, ukanipa kipande kikubwa. Hukufoka. Ungefoka ningepona. Ulisema tu, "Umejua kuongea, Kasuku. Lakini wenzangu wana majina." Gari likaja. Nikajiambia nitalitengeneza, nitakupeleka tena, mimi na wewe tu. Masika hayakuisha ukaondoka.

Niliendelea kusema uongo ule hata baada ya kukuzika. Ndiyo, hata baada ya hapo. Mdomo ulishazoea, na nilipojaribu kuanza vingine nilikuwa napotea.

Wiki iliyopita nilipandisha walimu wa shule ya Viwanja Sitini. Tulipofika mwambani nikavua kofia, nikasema, hizi ni ngata. Nikawaeleza siku za kuni, ofisini, kiatu cha mume wa Mama Sikuzani. Nikataja majina. Niliyoyakumbuka ni saba, lako likiwemo, nikasimama hapo kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni. Nikasema, na mama yangu mzazi alikuwa mmoja wao. Nikadhani nimemaliza deni langu kwako.

Ndipo mwalimu mmoja akauliza, "Ya mama yako ni ipi?"

Mama, nilizitazama. Zimepauka zote, rangi ni moja, ya vumbi. Siku ile ulinyoosha mkono kuelekea yako, na ulikuwa umeniletea jibu hadi pale nilipokuwa, na mimi nilikuwa nawatazama wageni nione kama wamegundua. Sikuutazama mkono wako. Na hakuna aliyebaki wa kumuuliza. Nikamwambia, "Sijui," na wakaona haya kwa niaba yangu, wakaanza kufunga kamba za viatu.

Walipotangulia nilibaki nyuma kidogo. Sikugusa. Niliinama mbele ya ufa nikasema, "Shikamooni, mama zangu." Nimekuamkia tena katika kundi, mama. Mara hii si kwa kukuficha. Ni kwamba sijui uko wapi kati yao.

Nisamehe, na uwasalimie wenzako kwa majina yao, wale wanne niliowasahau pia.

Mwanao,
Kasuku